Asubuhi Niliyofungwa Taya

Juzi mjukuu wangu anayesomea unesi alinichukua tukaenda chuoni kwao, nikamwone mgonjwa wao wa plastiki. Nilimkuta amelazwa, kifua kinapanda na kushuka, macho yanafumba na kufumbua, na mwalimu akibonyeza kitu katika chumba cha pili, mgonjwa anaguna. Nilimsogelea nikamwambia, "Pole, baba. Mimi ni nesi Tatu, nimekuja kukutazama." Wanafunzi wakaziba midomo. Mmoja alishindwa kabisa, akatoka nje kucheka.

Sikukasirika. Nanyi wanafunzi wa unesi mnaosoma haya huenda mngecheka pia. Ila yule baba wa plastiki sikumpenda macho, na nilifurahi tulipotoka. Nimewahi kulala kama alivyolala yeye, watu wakijifunzia kazi juu yangu, kwa hiyo najua kwamba ndani anaweza kuwemo mtu.

Enzi zetu, miaka ya hamsini, mgonjwa wa mafunzo alikuwa wa kitambaa. Alishonwa kwa marekani nene, akajazwa sufi, na miguuni akatiwa mchanga ili awe mzito kumgeuza. Uso wake ulichorwa kwa wino, na aliyemchora hakuwa fundi wa macho. Moja lilitazama dari na jingine lilikutazama wewe popote uliposimama. Tulimwita Bi Sufi. Mama aliyekuwa akifagia darasa letu alimgeuzia ukutani kabla ya kushika ufagio, na akimaliza kufagia anamwacha hivyo hivyo. Asubuhi mwalimu wetu alimgeuza mwenyewe, taratibu, akimwomba radhi.

Mwalimu huyo alikuwa Sista wa Kiingereza, mrefu, aliyekaa Bara miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa kimenyooka kuliko cha sisi tuliozaliwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Sista Kimya, kwa sababu alivaa viatu vya mpira visivyotoa mlio. Unamfunga Bi Sufi bendeji huku unamsimulia mwenzio harusi ya jana, mara unasikia nyuma ya kisogo chako, "Mgonjwa anakusikia."

Siku moja mwenzangu Kalunde alimuuliza, "Sista, hata huyu wa kitambaa?"

"Ukizoea kumgonga kichwa asiyesikia," alisema Sista, "mkono wako utakumbuka hivyo ukimshika anayesikia."

Maneno hayo yashikeni. Mkono una kumbukumbu yake, nayo haiulizi kama leo ni mazoezi au ni kweli. Mimi niliyafahamu vizuri baadaye, nikiwa upande ule mwingine wa mkono.

Kalunde alikuwa rafiki yangu wa bweni, binti wa Kinyamwezi kutoka upande wa Tabora, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mimi ni Mzaramo. Ninyi wa siku hizi utani wa makabila mnausikia kama hadithi, basi niwaeleze. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana ukoo mzima na huruhusiwi kununa, na ukinyamaza umeshindwa. Kwenye msiba ndiyo ana ruhusa zaidi. Wenye msiba wanalia, yeye anamwigiza marehemu, anamkebehi, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Wenyewe wanacheka katikati ya machozi, na kifua kinapata nafasi. Kalunde na mimi tulitukanana kuanzia mswaki wa asubuhi mpaka kengele ya kulala, na sidhani kama kuna mtu aliyenipenda hivyo pale chuoni.

Kazi yenyewe ilikuwa nyingine kabisa. Leo mtu akiacha kupumua mnamlaza chali, mnabonyeza kifua. Sisi tulimlaza kifudifudi, viganja chini ya paji la uso, tukapiga magoti kichwani pake, tukakandamiza mgongo, halafu tukainua viwiko vyake, tena mgongo, tena viwiko. Mngetuona mngesema tunakanda unga. Lakini wapo waliorudi kwa njia hiyo, niliwaona. Msidharau chombo cha zamani kwa kuwa mmepewa kipya, maana hata hicho chenu kuna wajukuu watakaokicheka.

Sasa, Bi Sufi alikuwa na kasoro moja: hakujua kupiga kelele. Sista alitaka tuzoee kelele. Alisema dharura ya darasani ni ya uongo kwa sababu ni ya kimya, na atakayeijulia darasani atakimbia akiikuta Kariakoo. Kwa hiyo akaanza kutuigizisha. Nusu yetu tuwe majeruhi, nusu tuwe manesi. Damu tuliitengeneza kwa gliserini na kumkum, ule unga mwekundu wanaoupaka wanawake wa Kihindu kwenye paji. Tulikuwa tunapewa na mke wa Bwana Ratilal, mfanyabiashara wa viungo kule Mchafukoge. Mama yule alidhani tuna harusi. Alipokuja kujua unga wa heri tunaupaka kama vidonda, alitupatia mfuko wa mwisho bila kutuangalia usoni, akafunga mlango.

Mimi katika maigizo sikufaa. Nilicheka. Nikiwa nimeungua, nilicheka. Nikiwa nimevunjika paja, Kalunde akinigusa tu nilicheka. Ndipo Sista alipotangaza zoezi kubwa: jengo limeporomoka, majeruhi wametapakaa, na sisi tuchague nani ahudumiwe kwanza. Alifunga kikaratasi kwenye mkono wa kila majeruhi kueleza hali yake. Changu kiliandikwa "Amefariki."

"Maiti hacheki," akaniambia.

Jengo lilikuwa godauni la Bwana Ratilal. Lilikuwa tupu asubuhi ile, magunia yamepelekwa dukani, lakini godauni la pilipili na manjano haliwi tupu hata likifagiwa. Vumbi limeingia kwenye kuta. Tulipita mlangoni tukipiga chafya, tukacheka, Sista akasema chafya tuzimalize sasa. Masharti aliyatoa pale pale. Anayeigiza asitoke kwenye hali yake mpaka filimbi ilie. Nesi amwamini mgonjwa kwa kile kilichoandikwa mkononi. Na waliofariki watayarishwe kwa heshima zote kama tulivyofundishwa kwa Bi Sufi, maana zoezi la kutayarisha maiti nalo lilikuwa linatungoja.

Nadhani wengine hapa mmeshaona shimo. Sisi hatukuliona. Yalikuwa masharti mazuri, kila moja peke yake.

Kalunde alipoona kikaratasi changu alipiga makofi. Mzaramo amekufa mbele yake, na yeye ndiye nesi. Aliomba anitayarishe mwenyewe. Alininyoosha miguu, akafunga vidole gumba vya miguu pamoja. Akaninyoosha mikono ubavuni, akaifunga kiunoni kwa bendeji pana. Halafu akachukua bendeji nyingine, akaipitisha chini ya kidevu, akaizungusha juu ya utosi, akakaza.

"Leo Mzaramo atanyamaza," alisema karibu na sikio langu, "hata ikibidi kwa fundo."

Kulikuwa na hatua ya kutia pamba puani. Sista alisema hiyo tuiruke. Mpaka leo nikiikumbuka hatua ile namshukuru Mungu, kisha nakaa chini.

Akanifunika shuka gubigubi.

Chini ya shuka kulikuwa na mwanga mweupe usiotoka upande wowote. Mwanzoni nilikuwa nashindana na kicheko. Halafu nikasikia koo linawasha. Utotoni nilikuwa na pumu. Mama alinitibu kwa kila alichoambiwa, na ilipokwisha kuniacha sote tuliisahau, kama mnavyosahau mgeni msumbufu akishaondoka. Nilitaka kukohoa. Jaribuni kukohoa taya limefungwa. Kile kikohozi kilirudi ndani, kikakaa, na nyuma yake kifua kikaanza kujibana, na kwenye kila pumzi nikasikia mlio mwembamba wa filimbi.

Wawili walikuwa wamesimama karibu yangu.

"Unasikia?" mmoja aliuliza.

"Panya," alijibu mwenzake. "Magodauni hayakosi panya."

Wakaondoka. Niliinua kiganja kadiri bendeji ilivyoruhusu, nikakipigapiga sakafuni. Hatua zikaja, na nikazijua ni za Kalunde. Mkono wake ukanishika wangu, ukaurudisha chini kwa upole, ukaupapasa.

"Tulia, mtani. Hata kufa huwezi bila kucheza ngoma."

Alidhani ni utani. Na kwa nini asidhani? Kwenye misiba yetu maiti wa kuigiza huinuka, hutania, hurudishwa chini, watu wakacheka. Alifanya alichofundishwa kwao toka akiwa mdogo, na alichofundishwa na Sista pia. Nilikuwa nimezikwa katikati ya mafunzo mawili mazuri.

Basi hapo nikaogopa. Si kama unavyoogopa nyoka. Niliogopa kwa utulivu, kwa sababu kila kitu nje ya shuka kilikuwa kinakwenda sawa. Nilimsikia Sista akisifu bendeji ya mtu. Nilisikia mwenzetu akilia kwa ufundi mkubwa kwamba mguu wake umekatika, na manesi wakimkimbilia. Yeye alikuwa na sauti, akahudumiwa. Halafu mlangoni nikasikia wanawake waliokuwa wanapita na vikapu kwenda sokoni. Waliona shuka zimepangwa sakafuni.

"Jamani, kumetokea nini?"

"Jengo," mtu alijibu, na hakutoka kwenye hali yake, kwa sababu filimbi haijalia. "Watu wamekufa."

"Nani na nani?"

"Huyo wa mwisho ni Tatu. Tatu wa Gerezani."

"Tatu binti Mwanaidi? Inna lillahi." Na kilio kikaanza, cha kweli, kikaondoka na vikapu vile kuelekea Kariakoo. Nilisikia habari yangu ikitoka mlangoni na kwenda sokoni bila mimi.

Nitawaambia jambo ambalo sikuwaambia wagonjwa wangu. Pale chini nilianza kuwaamini. Watu wengi wanaosema umekufa, wakiwa na hakika hivyo, wanakuchosha. Nilijiuliza kama labda ndivyo inavyokuwa, mtu anafariki na bado anasikia bendeji za wengine zikisifiwa. Nilimfikiria Bi Sufi na lile jicho lake. Kifua kilipiga filimbi ndogo zaidi, na zaidi, halafu mlio ukakoma. Ninyi mnaosoma mnajua maana ya kifua cha pumu kinaponyamaza, si nafuu hiyo, ni hewa imekoma kupita.

Yaliyofuata mengine nilisimuliwa na Kalunde mwenyewe.

Alikuwa amemaliza majeruhi wake, akarudi kwa mtani wake kumlilia inavyopasa. Akachuchumaa, akajitanda kanga kichwani, akaanza maombolezo ya kejeli. "Mzaramo wangu, umeondoka, nani sasa atacheza ngoma mpaka asubuhi shamba likiliwa na nguruwe?" Akangoja. Kwa kawaida hapo mimi, hata taya likiwa limefungwa, ningekoroma au ningemsukuma kwa miguu. Kimya. Akaongeza, akamwingiza mama yangu, akasema mama hupika bamia mpaka paka wa Gerezani wakahamia Ilala. Kimya. Akasema neno la tatu ambalo siliandiki, la kumfufua Mzaramo yeyote aliyezikwa hata jana.

"Tatu?" akasema.

Sista alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake bila kusikika. "Nesi Kalunde, huyo amefariki. Nenda kwa walio hai."

Na hilo, wajukuu zangu, lilikuwa jibu sahihi. Mtihani ungempa alama zote.

Kalunde akasema, "Sista, huyu hajafa vizuri." Akavuta shuka.

Aliniambia midomo yangu ilikuwa na rangi ya bilinganya, na macho yangu yalikuwa wazi yakimtazama, na hicho ndicho alichoshindwa kukisahau, kwamba nilikuwa namtazama muda wote. Fundo la taya lilikataa kufunguka. Alilifunga vizuri mno. Alilikata kwa mkasi, akaniinua nikakaa, akaniegemeza mbele juu ya bega lake, kwa sababu mwenye pumu halazwi chali. Alikuwa anapiga kelele apewe sanduku la dawa. Akaletewa. Adrenalini ilikuwemo, chupa ina jina, bomba la sindano lipo safi. Alikwisha kuivuta, sindano imekaribia mkono wangu, Sista akamshika kiganja.

"Ni maji," Sista alisema. "Chupa zote ni maji."

Maana lilikuwa zoezi. Hata dawa zilikuwa zinaigiza.

Tangu hapo nakumbuka vipande. Nakumbuka jua usoni na nimebebwa. Sista alikuwa mbele na viatu vyake vilikuwa vinapiga kelele barabarani, au labda alikuwa analia. Nakumbuka gari lake, na mkono wa Kalunde mgongoni ukinisukuma, "Toa, toa pumzi, usivute, toa kwanza." Hilo alilisema lenyewe tu, hakuna aliyemfundisha bado, na ni sahihi. Hospitali kubwa wakanichoma adrenalini iliyo adrenalini. Kifua kikafunguka, nikakohoa vumbi la manjano mbele ya daktari.

Mama yangu alifika na kaniki kiunoni, amekwisha kuvuliwa hereni, na nyuma yake majirani. Nyumbani vitanda vilikuwa vimetolewa nje na mikeka imetandikwa. Hawakujua wafanye nini na mimi. Kuna jirani yetu mmoja mpaka alipofariki hakuwahi kunipa mkono tena. Alikuwa akiniitikia marahaba akitazama kando, akisema mtu aliyekwisha kuliliwa asishikwe. Mimi nilizoea. Tena nilipokuwa nesi kamili katika chumba cha dharura, nilikuwa na desturi ya kwenda kwanza kwa yule wa kona aliyefunikwa na kuandikwa amefariki. Wenzangu walinicheka. Anayepiga kelele ana pumzi za kupigia kelele. Anzeni na aliyenyamaza.

Sista hakuniomba radhi kwa maneno, au pengine aliniomba na mimi sikuwa naelewa, maana alikuja wodini akakaa, akasema, "Mgonjwa alikuwa ananisikia," akaondoka. Lakini aliyabadili mafunzo. Toka siku ile hakuna aliye hai aliyefungwa taya. Hayo alifanyiwa Bi Sufi. Sanduku la dawa za kweli liliwekwa mlangoni, na kitambaa chekundu juu yake, lisichanganywe na la maji. Na kila aliyeigiza alishika mkononi funguo za bweni. Funguo zikianguka, kila kitu kinasimama, filimbi au hakuna filimbi. Nilipokuja kufundisha mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Yule mwalimu wenu wa chumba cha pili nilimuuliza funguo zake ziko wapi, akadhani nazungumzia gari.

Kalunde naye alibadilika. Kila tulipomaliza somo la kutayarisha maiti, Bi Sufi aliachwa amefungwa kidevu mpaka kesho. Kesho yake tulimkuta taya liko wazi, bendeji imekunjwa vizuri pembeni. Wasichana walianza kunong'ona, wengine hawakutaka kuingia darasani peke yao. Yule mama wa kufagia aliacha kazi. Mimi sikunong'ona. Nilikwisha kumwona Kalunde kupitia dirishani, mchana, wenzetu wakila, amepiga magoti kitandani kwa yule mwanasesere, anafungua fundo kwa kucha.

Kule wodini alikuja jioni ya kwanza, akiwa bado na kumkum kwenye sare. Alikaa pembeni ya kitanda na hakusema kitu. Mnyamwezi aliyekosa la kusema ni jambo la kutisha kuliko yote niliyoyaona siku ile. Nami sauti sikuwa nayo, ila nilijua nadaiwa jibu. Nikajikusanya.

"Mnyamwezi," nilisema, pumzi moja moja. "Babu yako alibeba pembe toka Tabora. Alipofika pwani, akauliza bahari hii imemwagwa na nani."

Ningeapa atacheka. Hakucheka. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja mbele ya mdomo wangu, karibu bila kunigusa, kama tulivyofundishwa kupima kama mtu anapumua. Akakiacha hapo. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia, wageni wakaanza kutoka, na yeye bado alikuwa amekiacha hapo.